UZI: Baiskeli ya resi haina matundu ya madigadi, nimejitengenezea breketi mwenyewe. Karibuni tujadili

Pedeli_Kimara

Wakuu salama? Masika ndio hayo yameshika kasi, na kwa sisi tunaoshuka mjini kwa baiskeli kutokea Kimara shida sio mvua kunyesha, mvua unavaa koti inaisha. Shida ni yale maji ya barabarani mvua ikishakatika, yana mchanga, yana oili za magari, yana kila uchafu wa Manzese na Magomeni, tairi ya nyuma inayachota inakupiga mstari mmoja mgongoni kuanzia makalioni mpaka shingoni, na ya mbele inakumiminia viatuni bila huruma. Unafika ofisini watu wanakukagua kuanzia chini kupanda juu.

Sasa baiskeli yangu ni ya resi, mtumba, fremu ya alminiamu, foku ya chuma, tairi 700 kwa 25, breki zile za kawaida za resi za kubana kwa pembeni. Aliyeitengeneza hakuwaza madigadi hata kidogo, kule chini kwenye ekseli hakuna tundu, kwenye foku hakuna tundu. Ukiulizia dukani unaambiwa hiyo haifungwi madigadi mzee, uza ununue baiskeli ya Phoenix. Zile za kubana kwenye nguzo ya siti zipo tele lakini zinalinda makalio tu, miguu na cheni vinabaki kwenye matope, na ukiruka tuta moja inazunguka inaangalia pembeni.

Kwa hiyo nimetengeneza mwenyewe na imekaa vizuri, nashusha hapa jinsi nilivyofanya ili mwenye shida kama yangu apate pa kuanzia.

Kabla hujanunua hata nati moja chukua alenkii namba 6 uipitishe kati ya tairi na breki, mbele na nyuma, tairi ikiwa na upepo wote. Ikipita bila kukwaruza unaweza kupitisha madigadi nyembamba pale chini ya breki. Isipopita basi hapo hapapitiki, kuna njia nyingine nitaeleza. Na usiamini namba iliyoandikwa kwenye tairi, 25 ukiifunga kwenye ringi pana inavimba mpaka 27 huko, pima kwa kalipa au hata kwa rula.

Madigadi zenyewe nimetoa kwa fundi, jozi ya plastiki iliyokuwa kwenye baiskeli ya Kijapani ya inchi 27, zile za akina mama zenye kikapu. Mzunguko wake unakaribia sana 700. Upana ulizidi nikapunguza kwa mkasi wa bati mpaka milimita 36 hivi, maana kanuni ni tairi yako ongeza kama 10.

Breketi sasa, ndio penyewe. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya alminiamu, wana vipande vya kutupa chungu nzima. Nikachukua flati (kipande bapa) yenye upana wa milimita 15 na unene wa 1.5, nikakata vipande vya kutosha kuzunguka mguu wa foku na kubakiza masikio mawili ya kupitisha boliti. Usikunje kwa kugonga na nyundo tu hewani. Tafuta boliti au kipande cha bomba chenye unene sawa na mguu wa foku, kibane kwenye jiliwa, ukunjie pale taratibu mara moja. Alminiamu ya madirisha ukiikunja ukairudisha ukaikunja tena inachanika, na mara nyingi mchaniko hauonekani mpaka siku imekatika barabarani. Ndani weka raba ya tyubu kuukuu, zunguko moja, halafu boliti ya M5 na washa pana pande zote na nati loki ile yenye plastiki ndani.

Mikono ya kushikilia nimetumia waya wa geji 8, ule mnene wa milimita 4 uliopigwa zinki, hadiwea wanauza kwa kilo. Kipande kimoja kinatoka breketi ya kushoto, kinapanda, kinavuka juu ya madigadi, kinashuka breketi ya kulia. Kwenye ncha sikukunja jicho, ncha imenyooka inapita kati ya washa mbili pana na boliti ndio inaibana. Faida yake unaweza kuvuta juu au kushusha chini mpaka madigadi ikae sawa na tairi, ndipo unakaza. Juu waya umefungwa kwenye madigadi na zipu tai za plastiki kupitia matundu manne. Chukua nyeusi, nyeupe jua la Dar linazikausha zinakatika zenyewe.

Jumla imekuwa breketi 4, mbili mbele mbili nyuma, waya mmoja mbele na mmoja nyuma. Maswali yaje.

bodaboda_mstaafu

Yote hayo kwa ajili ya matope? Basi la mwendokasi limesimama pale Kimara mzee baba unapanda unashuka Kivukoni msafi 😂

Pedeli_Kimara

Ukifika Jangwani maji yamejaa unarudishwa. Tuache na pedeli zetu mkuu.

Kibubu_TZ

Mkuu shukrani sana kwa uzi. Yangu alenkii namba 6 haipiti, hata namba 4 inapita kwa kubembeleza. Breki ni zile fupi kabisa. Hapo ndio basi tena au kuna ujanja?

Pedeli_Kimara

Ujanja upo na wala sio wangu, hata wazungu wanafanya hivyo. Unakata madigadi vipande viwili. Kipande kimoja kinaishia nyuma ya breki, kingine kinaanzia mbele ya breki, pale katikati breki yenyewe na kichwa cha foku ndio vinakuwa madigadi. Kuna maji kidogo yatapenya lakini ni kidogo kweli.

Kazi ni kwamba kila kipande sasa kinahitaji kushikiliwa peke yake pale juu. Mbele nimetumia kipande kile kile cha flati, nimekikunja herufi L, sikio la juu lina tundu linalokaa kwenye boliti ya breki nyuma ya foku, sikio la chini linashika madigadi kwa boliti fupi yenye kichwa bapa. Kichwa kikae upande wa tairi, nati iwe juu, usije ukaweka nati chini ikala tairi.

ILA hapa msome vizuri. Breki za resi za siku hizi nati yake ni ile ndefu inayoingia ndani ya foku, unaikaza kwa alenkii namba 5 kutokea nyuma. Ukiweka kipande cha milimita 1.5 kati ya kichwa cha nati na foku, nati inarudi nyuma milimita 1.5, maana yake inashika boliti kidogo zaidi. Hesabu mizunguko wakati unakaza kwa mkono kabla ya kutumia nguvu. Isipofika mizunguko 6 kamili toa breketi hapo, tafuta nati ndefu zaidi, zinauzwa za urefu tofauti tofauti. Hiyo ndiyo breki yako ya mbele, haifungwi kwa kubahatisha.

NzegaYetu

Nasoma huku nacheka. Sisi huku Nzega baiskeli inakuja na madigadi za chuma, karia ya kubeba gunia la mpunga, stendi ya miguu miwili, kengele, na dinamo ya taa. Nyie mnanunua baiskeli nusu halafu mnaanza kuimalizia wenyewe uwani 😂😂

Haya nisaidie na mimi, madigadi ya Phoenix si inaingia kwenye hiyo ya resi? Kwa fundi zimejaa za bei chee.

spoki36

Mzee wa Nzega umecheka lakini wazo lako sio baya. Phoenix ya 28 ringi yake ni kubwa kuliko ya 700, ni milimita 635 kwa 622, tofauti ndogo tu na chuma cha madigadi unaweza kukibana kidogo kikafuata mzunguko. Kinachokwamisha ni upana. Ile imetengenezwa kwa tairi nene, ukiileta kwenye foku ya resi haipiti katikati ya miguu ya foku. Inabidi uikate pembeni pale panapopita foku, na bati likishakatwa rangi imekwisha hapo, kutu inaanzia kwenye mkato. Kwa nyuma tu, kipande cha kuanzia breki kwenda chini, inafaa. Mbele achana nayo, uzito wote ule unaning'inia kwenye breketi za kubana.

Mama_Pedeli

Jamani kuna sisi ambao hata hiyo jozi ya Kijapani hatujaipata. Mimi nimetumia dumu la mafuta ya kula, la lita 20, lile la njano. Nimekata vipande virefu upana wa sentimita 9, nikachora mistari miwili kwa kisu bila kutoboa, nikakunja pembeni zote mbili zikashuka chini, inakuwa na mgongo bapa na mbavu mbili. Ile mbavu ndio inaifanya isilegee. Inapinda yenyewe kufuata tairi ukikata vipasuo vidogo kwenye mbavu kila baada ya sentimita kadhaa na kuzipandanisha.

Dumu moja halitoi urefu wa kutosha kwa hiyo lazima uunge, na hapa ndio wengi wanakwama maana wanapaka gundi. Plastiki ya dumu haishiki gundi yoyote, si supa gluu si epoksi, itabanduka tu. Piga ripiti za alminiamu na washa nyuma, au zipu tai.

Mimi naenda kazini na sketi, so madigadi kwangu sio mapambo. Na ile ya nyuma nimeishusha mpaka karibu na botom (pale ekseli ya pedeli inapopita), kwa sababu mchanga ukirushwa pale unaingia kwenye kibadili gia cha mbele na cheni inaanza kulia kri kri kri njia nzima.

Pedeli_Kimara

Dada hapo kwenye vipasuo umenipa kitu. Na kweli kuhusu cheni, watu wanadhani madigadi ni ya nguo tu wakati tairi ya mbele inarusha mchanga moja kwa moja kwenye krenki na kwenye bearingi ya chini ya usukani.

Kwangu nyuma pale kati ya tairi na bomba la siti pamebana, fremu za resi ziko hivyo, tairi inakaribia kugusa bomba. Nimeweka kipande bapa cha plastiki nikakifunga kwenye bomba lenyewe kwa zipu tai, hakizunguki tairi lakini kinakinga.

Mtaa_wa_Saba

Foku yangu ni kaboni na mabomba ya fremu yanayoshika gurudumu la nyuma pia kaboni. Naweza kutumia klipu za hosi ya rejeta? Zile za kukaza na bisibisi, naona ni rahisi kuliko kukunja alminiamu.

spoki36

Hapana mkuu, hapana kabisa. Klipu ya hosi imetengenezwa kubana mpira usivuje, ina nguvu kuliko unavyodhani na haikwambii imefika wapi. Kaboni inahimili nguvu za njia iliyokusudiwa, ukiiminya kwa pembeni nyuzi za ndani zinavunjika na nje unaweza usione kitu. Halafu inakuja kukatika siku nyingine kabisa ukiwa kwenye mteremko.

Kwa kaboni tumia raba tupu. Kata ukanda mrefu wa tyubu upana wa sentimita 2, funga mkono wa madigadi kwenye foku kwa kuzungusha ukiwa umeuvuta kiasi, maliza na zipu tai juu ya raba bila kuikaza mpaka inaingia. Kabla ya kufunga futa foku vizuri, mchanga ukinaswa chini ya raba unafanya kazi ya msasa na itakula rangi na kwenda mbele. Na madigadi yenyewe iwe nyepesi, sio chuma.

Kwenye foku ya chuma au alminiamu klipu ya hosi sio dhambi ila weka raba na kata ule mkia unaobaki, unachana miguu.

Kaka_Rim

Mimi njia yangu fupi kuliko zenu zote. Nimekata bati nene, nikatoboa tundu la 5 na tundu la ekseli, nikaliweka chini ya kwiki rilizi (ile ekseli ya kukaza kwa mkono) upande huu na huu. Mbele na nyuma. Hakuna kukunja, hakuna raba, dakika kumi kazi imeisha.

spoki36

Nyuma sina ugomvi sana, bati likiwa jembamba na bapa na kwiki ikikaza vizuri. Mbele nakuomba ulitoe. Kwiki inashika gurudumu kwa msuguano wa meno yake kwenye chuma cha foku. Ukiingiza bati lililokatwa kwa mkono, ambalo halijanyooka na lina rangi juu, meno yanashika bati badala ya foku. Linalegea kidogo kidogo kila unapopita shimo. Halafu zile ncha ndogo kwenye foku za kuzuia gurudumu lisichomoke kwiki ikilegea, bati lako limekaa juu yake, kwa hiyo na ulinzi huo haufanyi kazi tena.

Kaka_Rim

Nimeendesha hivyo muda mrefu na halijatokea lolote.

spoki36

Sawa kaka, maamuzi ni yako, mi nimeshasema.

fundi_wa_uwani

Naona mnahangaika na washa na zipu tai utadhani mnafunga kifurushi. Leteni kwangu nachomelea. Foku ya chuma nakuwekea masikio mawili ya kudumu, waya nao nauchomea kwenye madigadi ya bati, hiyo ukiifunga haitoki mpaka baiskeli ife.

Mhandisi_Ilala

Fundi heshima yako, na masikio ya kuchomelea kwenye foku nene ya chuma mtu anayejua kazi anaweza, ingawa miguu ya foku nyingi za resi ni myembamba sana chini na moto unailegeza. Lakini hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayonitisha. Kwa madigadi ya MBELE hutaki kitu kisichotoka.

Fikirieni gurudumu la mbele linavyozunguka. Upande wake wa nyuma, ule unaotazamana na miguu yako, unapanda juu. Sasa kijiti, kipande cha waya, au mfuko wa rambo, barabara zetu mnazijua, kinanaswa na tairi kule chini, kinaingia kati ya tairi na madigadi na kupandishwa. Kinaisukuma madigadi juu, madigadi inajikunja, inajikusanya chini ya kichwa cha foku, na tairi inasimama papo hapo. Gurudumu la mbele likisimama ghafla, wewe huendi pembeni, unaruka juu ya usukani kwa uso.

Kwa hiyo breketi za mbele lazima ziachie. Wajerumani SKS kwenye madigadi zao za mbele wanaweka kiklipu cha plastiki kinaitwa Secuclip, mkono wa madigadi umechomekwa tu pale, ukivutwa kwa nguvu unachomoka na madigadi inaachana na tairi. Kwa sisi wa uwani, ule mfumo wa OP (mwenye uzi) wa kubana waya kati ya washa mbili ni mzuri kuliko jicho, kwa sababu waya unaweza kuteleza na kutoka. Ila ukikaza kama unakaza ekseli ya fuso umeua maana yote. Kaza mpaka waya usisogee ukiutingisha kwa mkono, lakini ukiuvuta kwa nguvu uchomoke.

Njia nyingine ni zipu tai moja nyembamba kila upande kule chini badala ya boliti. Hiyo inakatika. Ni rahisi na unabeba za akiba mfukoni.

Pedeli_Kimara

Mhandisi huu mchango ungepaswa kuwa posti ya kwanza kabisa. Kwangu jana nimevuta waya wa mbele kwa mkono ukatoka kwa nguvu ya wastani, kwa hiyo naacha hivyo hivyo. Nyuma nimekaza kawaida.

Na mengine ya kuangalia mbele: weka pedeli mbele kabisa, geuza usukani, angalia kama ncha ya kiatu inagusa madigadi. Fremu ndogo zinagusa. Kwenye mwendo wa kawaida haina shida maana hugeuzi usukani hivyo, lakini ukizunguka taratibu kwenye foleni kati ya bajaji unaweza kuangushwa nayo.

Nyali_Rider

Salamu kutoka Mombasa. Nimewafuata kimya tangu mwanzo, uzi mtamu sana huu. Mimi huvuka Likoni kila siku na pale kwenye feri upepo wa bahari hupiga baiskeli chumvi tu. Nawapa tahadhari moja ambayo nyinyi huenda hamjaiona. Breketi ya alminiamu ikigusana na boliti ya chuma na kukawa na maji ya chumvi, alminiamu huliwa. Utaona unga mweupe pale kwenye tundu, tundu lapanuka, na boliti nayo hung'ang'ania haifunguki tena. Hata zinki ya waya huisha mapema.

Mimi hutia grisi nyingi kwenye boliti na chini ya washa. Na washa za plastiki, nimezikata kutoka kwa kifuniko cha ndoo, kati ya alminiamu na chuma. Boliti za stenlesi ukizipata ni nzuri kwa zenyewe kutoshika kutu, lakini hazitaacha kula alminiamu, kwa hivyo grisi iko pale pale. Na usisahau kuosha na maji matamu ukifika nyumbani.

Kibubu_TZ

Kwa hiyo grisi kwenye boliti za mbele pia? Si zitalegea?

Nyali_Rider

Nati loki yenye plastiki hailegei kwa grisi ndugu yangu, ile plastiki ndiyo inayoshika. Ila kati ya waya na washa usitie, pale wataka msuguano.

Baridi_Bristol

Niko Uingereza huku, mvua ndio maisha. Vilabu vya baiskeli hapa ukija kwenye msafara wa winta bila madigadi wanakuangalia vibaya na wengine wanakwambia kabisa kaa nyuma, maana maji yako yanamwingia mwenzako mdomoni. Nimeona wote mmejadili breketi lakini hakuna aliyegusa kilinda matope cha chini, ule ulimi unaoning'inia mwisho wa madigadi ya mbele. Bila huo viatu vinalowa hata kama madigadi ni ya gharama vipi, kwa sababu maji yanayokulowesha miguu yanaruka kutoka sehemu ya chini kabisa ya tairi ya mbele. Madigadi nyingi zinaishia juu mno.

Refusha mpaka ibaki kama sentimita 10 kutoka chini. Iwe laini, raba au plastiki nyepesi, ili ikigonga tuta ijikunje. Na iwe pana kuliko madigadi yenyewe, sentimita 8 hivi kule chini, maana maji yanatawanyika kwa pembeni.

Mama_Pedeli

Asante sana kaka wa Bristol, ndio maana soksi zangu hazikuwa zinapona! Tyubu ya lori inafaa? Pale Gerezani, Kariakoo, wanaikata kwa kipande.

Baridi_Bristol

Inafaa sana dada. Ila kipande kisiwe kizito, ikipata upepo inakwenda kushoto kulia na kugonga spoki. Toboa matundu mawili, sio moja, na weka washa pana isichanike.

Mtaa_wa_Saba

Nimefunga nyuma kwa raba kama alivyosema spoki36. Inashika. Lakini kelele jamani, kwenye lami mbovu inapiga trrrrr mpaka watu wanageuka. Tatizo nini?

Pedeli_Kimara

Shika madigadi kwa mkono sehemu moja moja wakati mtu anatingisha baiskeli, utajua inapolia. Mara nyingi ni moja kati ya hizi, waya unagusana na chuma cha breki, au madigadi imelazimishwa ikakaa kwa kuvutwa. Legeza kila kitu, iache ijikalie yenyewe juu ya tairi, halafu kunja waya ufuate pale madigadi ilipo. Usiivute madigadi imfuate waya. Ikiwa imevutwa italia na pia itapasuka kwenye matundu.

Kwenye kila mgusano weka kipande cha raba. Na matundu ya plastiki yasiwe na kona, toboa kwa drili, halafu safisha ukingo kwa tupa au msasa. Ukitoboa kwa msumari wa moto ukingo unabaki na nyufa ndogo ndogo na ufa unaanzia hapo.

bodaboda_mstaafu

Haya nimesoma yote mpaka mwisho nikajikuta natafuta baiskeli yangu stoo. Ina matundu ya madigadi hiyo, kumbe nilikuwa tajiri.

NzegaYetu

😂😂😂 Si ndio nawaambia.

Kibubu_TZ

Mrejesho. Nimekata vipande viwili kama OP alivyosema. Nyuma imekaa safi, leo asubuhi nimepita madimbwi ya Ubungo mgongo mkavu. Breketi za nyuma nimetumia flati ya madirisha, fundi kanipa bure kabisa kipande cha futi tatu. Mbele bado sijafunga, nimekwama kwenye boliti. Huku kwetu hadiwea wana nati loki za M6 tu na sikio la breketi yangu ni dogo, nikitoboa 6 linabaki chuma kidogo sana pembeni.

Pedeli_Kimara

Usitoboe 6. Sikio la upana wa 15 ukitoboa 5 unabaki na 5 kila upande, ndio kiasi. M5 ziulizie kwa wanaouza spea za pikipiki. Nenda na spana namba 8, ikiingia kwenye nati ujue ndio M5, ya namba 10 ndio M6.

Kibubu_TZ

Poa mkuu, Jumamosi napita Gerezani nachukua na ile raba ya lori hapo hapo.

Mama_Pedeli

Nichukulie na mimi kipande, nitakutumia hela kwa simu.